Fundi wa plasma, homa hiyo huenda si malaria

Mageti mengi yanayopamba nyumba za mijini siku hizi yana michoro ya maua, majani ya mnazi, hata simba na twiga, yote yamekatwa katika bati nzito la chuma kana kwamba ni karatasi. Kazi hiyo haifanywi kwa tindo na nyundo. Hufanywa kwa mashine ya plasma. Zamani mashine hii ilikuwa mali ya viwanda vikubwa peke yake. Leo ile ndogo, ambayo mtu mmoja huibeba kwa mkono kama mkoba, utaikuta Kariobangi Light Industries, utaikuta Gikomba na Industrial Area, na utaikuta katika vibanda vya jua kali kando ya barabara, hatua chache tu kutoka kwenye nyumba za kupanga.

Mimi si fundi wa chuma. Ni daktari wa magonjwa ya kila aina, na mafundi hunijia baada ya kazi, wakati madhara yamekwisha kuingia mwilini. Wengi wao hawajui kwamba kilichowaleta ni ile mashine. Ndiyo sababu ya makala haya. Moto wa plasma kila mtu anauona na kuuogopa. Mambo yanayomdhuru fundi zaidi huchelewa: humfikia saa nyingi baadaye, akiwa nyumbani, ameoga, amekula, na amekwisha sahau alichokuwa akikata.

Kwanza tuielewe mashine yenyewe. Kompresa husukuma hewa kwa nguvu kupitia tundu dogo lililo kwenye ncha ya tochi. Ndani ya ncha hiyo umeme huruka na kuipasha hewa moto mpaka inageuka na kuanza kupitisha umeme. Hewa iliyofikia hali hiyo ndiyo huitwa plasma. Joto lake linaweza kufika nyuzi 20,000 za Selsiasi na kupita. Chuma huyeyuka kwa nyuzi 1,500 hivi, kwa hiyo mbele ya moto huo hakina ubishi. Hewa inayosukumwa hukipeperusha chuma kilichoyeyuka na kuacha mkato safi.

Lakini kile kilichopeperushwa hakipotei. Sehemu yake huruka kama cheche, na sehemu hugeuka kuwa moshi mwembamba ambao fundi huuvuta puani. Pamoja na moshi huo kuna mwanga mkali, kelele, na gesi ambazo hazionekani kwa macho.

Nianze na moshi, kwa sababu ndio unaodanganya watu zaidi.

Kijana mmoja wa miaka 26 aliletwa kwangu na mkewe Jumanne asubuhi. "Daktari, malaria yake haiishi," mama huyo akaniambia. Usiku uliotangulia mumewe alikuwa ametetemeka kwa baridi chini ya blanketi mbili, viungo vyote vikimuuma, kifua kimembana, kikohozi kikavu, na mdomoni ladha kama ya mtu aliyelamba sarafu. Walikuwa wamenunua dawa za malaria katika duka la dawa la mtaani kwao. Hiyo ilikuwa mara ya tatu katika miezi miwili. Kabla ya hapo kliniki moja ilikuwa imemwambia ana homa ya matumbo na kumpa vidonge vya siku kumi.

Nilimpima malaria, hakuwa nayo. Nikamuuliza alifanya kazi gani jana yake. Alishinda akikata mabomba ya GI, yale yaliyopakwa zinki ili yasishike kutu. Mvua ilikuwa ikinyesha, kwa hiyo walifunga mlango wa karakana. Nikamuuliza homa zile mbili za kwanza zilimpata siku gani. Mkewe ndiye aliyekumbuka: zote zilianza Jumatatu usiku.

Ugonjwa huo unajulikana kwa madaktari tangu zamani, na mafundi wa nchi za nje wameupa jina la homa ya Jumatatu. Zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe. Ukiuvuta kwa wingi, mapafu hushtuka, na mwili mzima hupandisha joto kana kwamba umeingiliwa na viini vya maradhi. Homa huanza saa 4 hadi 10 baada ya kuvuta moshi huo, na kwa kawaida huisha yenyewe katika siku moja au mbili. Ajabu yake ni kwamba mwili huuzoea moshi kadiri wiki inavyoendelea, halafu huusahau mwishoni mwa wiki fundi akipumzika. Akirudi kazini Jumatatu, anaanza upya.

Sasa wewe msomaji tazama jinsi inavyofanana na malaria. Baridi, joto, kuumwa kichwa na viungo, uchovu. Na kwa kuwa huisha kwa siku mbili, mgonjwa huamini kuwa zile dawa alizonunua ndizo zilizomponya. Wiki tatu baadaye anazinunua tena. Yuko fundi aliyeniambia kwa fahari kwamba yeye huweka dawa za malaria ndani ya sanduku la vifaa vyake, pamoja na spana.

Sisemi kwamba fundi hawezi kupata malaria. Nairobi iko juu na malaria haienei hapa kama Busia au Kisumu, lakini watu husafiri, na mtu aliyetoka magharibi au Pwani wiki chache zilizopita akipata homa lazima apimwe damu. Ninachosema ni kwamba upimwe kwanza, na umwambie daktari ulichokata. Usiseme tu "nafanya kazi ya jua kali". Sema: nilikata mabomba ya GI, au chuma chenye rangi kuukuu, au stenlesi, na sema kama mlikuwa nje au ndani ya chumba. Daktari anayehudumia wagonjwa arobaini kwa siku huenda asikuulize.

Hapa ni lazima nitaje maziwa. Karibu kila karakana niliyoingia wanaamini kwamba pakiti moja ya maziwa baada ya kazi husafisha moshi kifuani. Wako waajiri wanaotoa maziwa kila siku na kuamini kwamba wamemaliza wajibu wao. Maziwa ni chakula kizuri nami sitamkataza mtu kuyanywa. Lakini maziwa huenda tumboni, moshi huenda kwenye mapafu, na njia hizo mbili hazikutani. Fedha za maziwa ya mwezi mzima zingesaidia zaidi zikinunua barakoa ya kuchuja moshi.

Homa ya zinki, pamoja na usumbufu wake, kwa kawaida haiui. Hofu yangu kubwa ni maradhi mengine mawili ambayo huanza vivyo hivyo, taratibu, halafu yakaua.

La kwanza hutokana na kadimiamu. Ni madini ambayo hupakwa juu ya baadhi ya bolti, skrubu na vipuri ili visishike kutu, na huweza kufanana sana na zinki. Mtu akikata vipuri hivyo mahali pasipo na hewa, jioni atahisi kama ana mafua: koo linawasha, kichwa kinauma, joto kidogo. Kesho yake au siku inayofuata mapafu yake yanaweza kujaa maji. Kwa hiyo fundi anayenunua vyuma chakavu bila kujua vilitoka wapi asiharakishe kukata chochote chenye mng'ao wa rangi ya dhahabu au fedha juu yake. Mipako ya aina hiyo haionyeshi iliyo na kadimiamu na isiyo nayo.

La pili ni la plasma hasa, na hata mafundi wazoefu wa kuchomelea hawalijui vizuri. Hewa tunayovuta ina naitrojeni asilimia 78 hivi. Katika joto la plasma naitrojeni hiyo huungana na oksijeni na kuwa gesi yenye sumu iitwayo naitrojeni dayoksaidi. Mahali pa wazi gesi hiyo hutawanyika. Ndani ya tangi, kontena au chumba kilichofungwa, hujikusanya. Anayeivuta huenda akakohoa kidogo na macho yakamwasha, kisha akajisikia mzima kabisa. Anapanda matatu, anafika nyumbani, anacheza na watoto. Kati ya saa chache na siku moja, wakati mwingine zaidi, pumzi huanza kumwishia. Na wapo wanaopona, kisha wiki mbili hadi sita baadaye wanaanza tena kukohoa na kuhema kwa sababu mirija midogo ya mapafu imepata makovu.

Kwa hiyo mshike hili, wewe fundi na wewe unayeishi naye. Mtu aliyekata chuma leo, hasa ndani ya mahali palipofungwa, akianza kuhema, kifua kikambana, akashindwa kulala chali, midomo ikawa ya kijivu au akakohoa povu, hiyo si kazi ya duka la dawa wala ya kusubiri kupambazuke. Apelekwe hospitali yenye oksijeni usiku huo huo. Aketi wima njiani, asilazwe, asitembezwe. Na anayempeleka aseme alichokuwa akikata.

Je, moshi huu unaepukwaje? Jibu la kwanza halihitaji fedha: kata nje, au mlango na madirisha yakiwa wazi pande mbili, na usimame upepo ukitoka ubavuni. Ukiupa upepo mgongo, moshi huzunguka na kukurudia usoni. Usiinamishe kichwa juu ya mkato kana kwamba unasoma gazeti. Mwenye karakana ya ndani anahitaji feni inayofyonza moshi karibu na pale unapotoka na kuutupa nje, wala si feni ya kuusambaza chumbani. Meza kubwa za kukatia zinazoongozwa na kompyuta huwekewa maji chini au mfyonzo wa hewa, na hizo hupunguza moshi sana. Ila mwenye meza ya maji awe mwangalifu anapokata alumini, kwa kuwa alumini iliyoyeyuka ikikutana na maji hutoa haidrojeni, na haidrojeni ikijikusanya chini ya bati hulipuka.

Barakoa zile nyepesi tulizovaa wakati wa Korona hazifai kazi hii, wala kitambaa kilichofungwa puani. Inatakiwa barakoa iliyotengenezwa kuchuja moshi wa metali, iliyobana uso vizuri. Ndevu nyingi huiachia upenyo. Na hata hiyo huzuia chembe za moshi tu, haizuii ile gesi niliyoitaja. Ndani ya tangi au kontena hakuna barakoa ya dukani itakayokutosha bila hewa safi kupitishwa humo. Kuna wanaofungulia mtungi wa oksijeni ndani ya tangi ili "kuleta hewa". Huko ni kutafuta kifo, kwa kuwa nguo iliyoshiba oksijeni huwaka kwa cheche moja na haizimiki kwa urahisi.

Kuhusu madhara ya miaka mingi nitasema kwa ufupi. Stenlesi ina kromiamu na nikeli, na moshi wake ni mbaya zaidi kuliko wa chuma cha kawaida. Mwaka 2017 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, waliuweka moshi wa kuchomelea, wa chuma chochote, katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Waliitaja hasa saratani ya mapafu. Moshi wa plasma hutoka katika vyuma vile vile, kwa hiyo sioni sababu ya kuudharau. Fundi anayevuta sigara juu yake anaongeza hatari kwa mkono wake mwenyewe. Rangi kuukuu kwenye chuma nayo yaweza kuwa na risasi, sumu ambayo wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa waliijua kwa uchungu kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri. Ikwangue rangi kwanza, ukiwa umevaa barakoa, upana wa kiganja kila upande wa mkato, na usirudi nyumbani na ovaroli uliyofanyia kazi ukambeba mtoto.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: wanaovuta moshi wa metali hupata nimonia kali kwa urahisi zaidi kuliko watu wengine. Nchini Uingereza mafundi wa kuchomelea hushauriwa kupata chanjo ya kuzuia nimonia hiyo. Hapa kwetu mtu mzima anaweza kumuuliza daktari wake kuhusu chanjo hiyo, na kwa fundi wa miaka mingi naona ni fedha iliyotumiwa vizuri.

Sasa tuingie kwa macho. Mwanga wa plasma una miale ya urujuanimno, ile ile ya jua inayounguza ngozi, ila hapa iko karibu na ina nguvu. Huunguza ngozi nyembamba iliyo mbele ya mboni. Na hapa pia uchungu huchelewa: saa 6 hadi 12. Mtu hulala vizuri, halafu huamka usiku wa manane akilia kwamba kuna mchanga machoni. Hawezi kutazama taa. Machozi hayakomi.

Majirani huleta dawa za kila namna. Vipande vya viazi, majani ya chai, maziwa ya ng'ombe, hata maziwa ya mama anayenyonyesha. Kitambaa baridi juu ya macho yaliyofumbwa kitakutuliza vivyo hivyo bila kukuingizia viini. Meza dawa ya kawaida ya maumivu, kaa gizani, usisugue macho, na ukivaa lenzi za machoni zitoe. Kwa kawaida jicho hupona katika siku moja hadi tatu. Lisipopata nafuu kwa siku mbili, au likitoa usaha, au ukiona ukungu, nenda kwa daktari wa macho. Lipo kosa moja ambalo nimeliona likiharibu macho kuliko hata mwanga wenyewe: matone ya ganzi. Hayo hutumiwa na daktari mara moja anapopima jicho. Mgonjwa akiyapata chupa nzima na kuyatumia kila saa, jicho halisikii uchungu lakini pia haliponi, na laweza kutoboka.

Kinga ni kioo cheusi kinachofaa. Kwa mashine ndogo na za kati, yaani chini ya ampea 300, kioo cha namba 8 kwenda juu kinatosha pale moto unapoonekana wazi. Miwani ya jua haifai hata kidogo, iwe ya bei gani. Mafundi wengi hukata plasma kwa miwani ya jua kwa sababu mwanga wake huonekana mpole kuliko wa kuchomelea. Upole huo ni wa macho tu, miale ipo. Vaa kinga ya uso mzima na shati la mikono mirefu lililofungwa hadi shingoni, la pamba nzito au ngozi. Nailoni huyeyuka na kugandamana na mwili.

Msaidizi anayeshika bati naye ana macho. Hali kadhalika watoto wanaotoka shuleni na kusimama kutazama ule mwanga wa samawati. Karakana iliyo kando ya njia iweke pazia zito au bati la kuziba, na wewe mzazi unayeishi jirani na karakana kama hiyo una haki kamili ya kwenda kumwambia mwenyewe afanye hivyo. Nenda kwa maneno mazuri. Mara nyingi hajui tu.

Kuna umeme pia. Mashine ya kawaida ya kuchomelea, ikiwa haijaanza kuwaka moto, huwa na volti chini ya 100 kwenye waya wake. Plasma huwa na volti 200 hadi 400. Fundi aliyezoea kupigwa kidogo kidogo na mashine ya kuchomelea na kucheka, akiileta tabia hiyo kwa plasma anaweza asicheke tena. Viatu vikavu vya soli ya mpira, glavu kavu za ngozi zisizo na matundu, na sakafu isiyo na maji ni vya lazima. Wakati wa mvua, mashine iliyo chini ya turubai linalovuja izimwe. Kabla ya kubadilisha ncha ya tochi, zima mashine yenyewe, si kuachia kitufe tu. Moto wa mwanzo wa tochi huwaka mara tu kitufe kinapoguswa, hata kama tochi haijagusa chuma, nao hupenya glavu na kidole kwa pamoja. Majeraha ya namna hii huwa madogo kwa nje lakini yana kina kirefu, na yote yanahitaji kuonwa na daktari siku hiyo hiyo. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo kilichowekwa kifuani asikaribie mashine hizi kabla ya kushauriana na daktari wake wa moyo, maana zinaweza kukivuruga.

Mwenzako akinaswa na umeme usimguse. Zima swichi au chomoa plagi kwanza. Kama hapumui, anza kumkandamiza kifua katikati, kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mwingine akitafuta gari. Hata aliyeamka na kusema yuko sawa apelekwe kupimwa moyo.

Mapipa nayo yana hesabu yake. Pipa lililowahi kubeba petroli, dizeli au rangi si tupu hata likiwa halina tone. Mvuke uliobaki ndani hulipuka ukipata cheche, na fundi huwa ameinama juu yake. Pipa la namna hiyo lisikatwe kwa plasma mpaka lioshwe kabisa na mtu anayejua kazi hiyo, na kama historia yake haijulikani, mkatalie mteja. Vilevile chuma kilichopanguswa kwa dawa ya kusafishia breki kisikatwe kikiwa kibichi, wala dawa hiyo isitumiwe karibu na mwanga wa mashine. Baadhi ya dawa hizo zina klorini, na klorini hiyo kwenye joto na mwanga ule hutoa fosijeni, gesi iliyoua askari katika Vita Vikuu vya Kwanza. Nayo huchelewa kama zile nyingine.

Ukiungua, weka palipoungua chini ya maji safi ya mfereji kwa dakika 20. Dakika 20 ni nyingi, hesabu kwa saa. Usipake dawa ya meno, unga, mayai wala mafuta. Muuguzi atalazimika kuyakwangua yote hayo kabla ya kuona kidonda. Cheche ya chuma ikiingia jichoni, usimruhusu mwenzako aitoe kwa kijiti cha kiberiti au wembe, hata akijisifu kwamba ametoa nyingi.

Masikio sitayasemea sana. Kelele za plasma hupita kwa urahisi desibeli 85, kiwango ambacho kikiendelea siku nzima huharibu masikio. Kanuni za kelele za mwaka 2005 nchini Kenya zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye zaidi ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Vizibo vya masikio ni vya bei ndogo kuliko kifaa chochote nilichotaja hapa, na masikio yakishakufa hayana dawa.

Najua utaniuliza nani atalipia vifaa hivi vyote. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ndiye atoe mavazi ya kujikinga, wala si fundi kukatwa mshahara kwa ajili yake. Kuna pia sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, ambayo haihusu ajali za ghafla pekee bali hata maradhi yanayotokana na kazi. Mwanafunzi wa ufundi aliyeandikishwa na mwenye karakana naye huhesabiwa humo kama mfanyakazi. Lakini anayedai ni lazima aonyeshe kwamba aliugua kwa sababu ya kazi. Kwa hiyo weka daftari dogo, uandike tarehe, ulichokata, mahali, na ulivyojisikia usiku, na ukija hospitalini uje nalo ili daktari aliandike jambo hilo kwenye kadi yako. Yule kijana wa mabomba ya GI sasa analo. Mkewe ndiye humwandikia.